Gurudumu Nililoliziba kwa Nta

Mkitaka kujua kama gurudumu la chuma cha kusubu, kile kilichoyeyushwa na kumiminwa, ni zima, msilitazame. Ligongeni. Lining'inizeni kwa kamba lisiguse chini, mligonge ukingoni kwa nyundo ndogo, kisha mnyamaze. Lililo zima hulia, na sauti yake huenda mbali kabla ya kufa. Lenye ufa husema "ko", kama mlango wa mbao. Macho hudanganywa kirahisi. Nalijua hilo kwa sababu niliwahi kuyadanganya macho ya Mzungu mwenye miwani nene, na siku mbili baadaye nikawa nimekaa sakafuni katika chumba cha simu, nikimwomba Mungu ambaye wakati huo sikuwa nimeamua kama namwamini.

Ninyi vijana mnaoingia karakana sasa mnaniuliza kila mara: Mzee Ndahani, mliwezaje kutengeneza magurudumu ya reli hapa Dodoma zama za Mjerumani, bila umeme, bila mashine ya kupimia chuma? Mnauliza kwa heshima, kama vile tulikuwa na siri. Jibu la kweli ni kwamba mwanzoni hatukuweza. Tulitengeneza vitu vya duara vilivyofanana na magurudumu.

Hatukuwa na hiari. Vita ya Mjerumani na Mwingereza ilikuwa imeanza na meli hazikuja tena. Gurudumu lililovunjika halikuwa na mwenzake ghalani. Na mvua za mwaka ule zilikuwa zimekula tuta la reli huko chini ya Gulwe, mahali ambapo njia inafuatana na mto, kwa hiyo kila siku mabehewa ya mawe yalishuka kutoka Dodoma kwenda kujaza tuta. Mawe ni mazito. Magurudumu yalikwisha kama sabuni.

Basi karakana yetu ndogo, iliyozoea kusubu vitasa na vyuma vya majiko, ikaambiwa isubu magurudumu. Tulikuwa na tanuri moja la matofali, mivukuto miwili ya ngozi, makaa ya miti ya porini na rundo la vyuma vilivyovunjika. Mkubwa wetu tulimwita Bwana Miwani. Jina lake la kweli lilikuwa refu na lilikwaruza koo. Chini yake alikuwepo Fundi Sefu, Mmanyema aliyezaliwa Ujiji, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa isiyo na vinyweleo, maana vyote viliungua zamani. Fundi Sefu ndiye aliyekuwa bingwa wa kalibu. Anashindilia mchanga ndani ya sanduku kuzunguka gurudumu la mbao, analitoa gurudumu, na pale panabaki shimo lenye umbo lake. Chuma kilichoyeyuka kinamiminwa humo. Kwa maneno ni rahisi hivyo.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, Mgogo wa kwanza kushika kalibu pale. Nilikuwa na ugonjwa mmoja: kuuliza kwa nini. Siku ya kwanza nilimwuliza kwa nini mchanga unachanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Akanijibu. Nikauliza kwa nini si cha mbuzi. Akanijibu, lakini kwa sauti nyingine. Nilipouliza cha tatu alinipa koleo.

"Mgogo," akasema, "mlenda umekuteleza mpaka kwenye ulimi. Chimba."

Nilimpenda tangu siku hiyo.

Nianze na jambo la haki. Bwana Miwani alitufundisha kitu kimoja kikubwa nami sitamnyima sifa yake. Sehemu ya gurudumu inayokanyaga reli inatakiwa iwe ngumu kama jiwe, ama sivyo inalika. Kitovu, kule ekseli inakopita, kinatakiwa kiwe na ulaini kidogo, ama sivyo kinavunjika kikipata mshtuko. Chuma ni kilekile, tena kimetoka chungu kimoja. Unafanyaje? Unaweka pete nene ya chuma baridi ndani ya kalibu kuzunguka ukingo. Chuma cha moto kikiigusa pete hiyo kinapoa ghafla na kuwa kigumu. Katikati, penye mchanga, kinapoa polepole na kubaki laini. Ukilivunja gurudumu la namna hiyo unaona mwenyewe: ukingoni weupe kama chumvi, ndani kijivu kama majivu. Siku niliyoona vile nilisahau kula.

Lakini yako mengine ambayo Bwana Miwani hakuyajua, na asiyoyajua aliyasema kwa sauti ileile ya anayoyajua. Gurudumu la Ulaya tulilokuwa tukiliiga lilikuwa na mbavu za kuunganisha kitovu na ukingo, na mbavu zile zilikuwa zimepinda kama upinde. Alipochora la kwetu alizinyoosha.

"Bwana," nikauliza, "za Ulaya kwa nini zimepinda?"

"Urembo," akasema. "Viwandani kwetu wanapenda urembo. Sasa ni vita."

Fundi Sefu akanikanyaga mguu ninyamaze. Mbavu zilizonyooka kweli zilikuwa rahisi kuchonga.

Sasa niseme habari ya matundu.

Magurudumu yetu yalikuwa yakitoka na matundu. Lingine dogo kama punje ya uwele, lingine unaingiza kidole. Palepale karakana ikagawanyika. Bwana Miwani alisema mchanga wa Dodoma ni mchafu. Wazee wa mivukuto walisema chuma kina wivu: mtu aliyetoka kwa mke wake asubuhi hatakiwi kusogea tanuri, chuma kitamnusa na kutoboka. Hiyo ndiyo miiko ya wahunzi tangu zamani, siwacheki. Ila katika karakana nzima aliyekuwa ameoa karibuni ni mmoja tu.

"Ndahani," Fundi Sefu akaniambia akitazama pembeni, "sisemi naamini. Sisemi siamini. Lakini hebu lala hapa karakana kwa muda."

"Kwa muda gani, fundi?"

"Mpaka matundu yaishe."

Nililala karakana wiki tatu juu ya magunia, na mke wangu akawa anakuja asubuhi na kibuyu cha uji na kunikabidhi kwa mbali kama mgonjwa wa ndui. Matundu hayakuisha. Nikawaambia wazee: mmeona? Wakasema labda namwota. Na ilikuwa kweli.

Mwishowe wakachoka wao, nikarudi nyumbani. Na wiki ileile nilipofungua kalibu yangu, nikakuta gurudumu zuri, limelala kama mwezi, na kwenye ubavu mmoja karibu na kitovu pana tundu la kuingia dole gumba.

Nifikirieni. Nikilionyesha, Bwana Miwani ananiitia askari mwenye kiboko, na wazee wananirudisha kwenye magunia. Nililitazama tundu lile, nikakumbuka bibi yangu.

Kwetu kibuyu kikipata ufa hakitupwi. Bibi anachukua nta ya nyuki, anaipasha moto, anaipaka kwenye ufa, na kibuyu kinabeba maziwa miaka mingine mitano. Nta haikosekani Ugogo. Kila mbuyu una mzinga. Nilikuwa na bonge lake kwenye mfuko, tulikuwa tukipaka gurudumu la mbao ili mchanga usiligandie. Nikaiyeyusha juu ya kaa, nikachanganya na vumbi la chuma lililodondoka chini ya tupa, nikaongeza masizi kidogo kwa ajili ya rangi. Nikajaza tundu. Nikasugua. Wallahi hata mimi nilipata taabu kulipata tena.

Bwana Miwani aliinama, akaweka miwani sawa, akalizungusha. "Gut," akasema, yaani zuri. Fundi Sefu naye akalitazama, akanipiga begani.

Na nilikuwa na kisingizio changu. Gurudumu lile lilikuwa la toroli, lile la kusukumwa kwa mikono juu ya reli za pale uwanjani. Toroli likivunjika, mawe yanamwagika na watu wanacheka. Nilijiambia hivyo usiku nikapata usingizi mnono. Kumbukeni neno hili: mtu anayeficha kosa kazini hajiambii kwamba anadanganya. Anajiambia kwamba ni la toroli tu.

Siku ya tatu yake nilikwenda korongoni kuchota mchanga. Niliporudi jua lilikuwa limepanda, kama saa tano hivi. Nikapita uwanjani, nikaliona toroli limekaa juu ya mawe, halina ekseli ya nyuma. Halina magurudumu mawili.

Niliangusha ndoo. Fundi Sefu alikuwa mlangoni akinywa kahawa.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba. Mbona unahema kama umefukuzwa na fisi?"

"Magurudumu ya toroli yako wapi?"

"Yamekwenda Gulwe alfajiri. Behewa la nyuma la mawe ekseli yake ilipinda jana, na kipimo ni kimoja. Tumechukua ile. Kwani?"

"Lile langu lina tundu."

"Tundu gani? Nililitazama mwenyewe."

"Ulitazama nta, fundi."

Akaweka kikombe chini taratibu sana. Hakunipiga. Hakunitukana. Aliuliza tu, ingawa alijua jibu kama nilivyolijua mimi:

"Nani yuko kwenye breki ya behewa la nyuma?"

Alikuwa Masinga, kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama yetu. Ndiye aliyeniombea kazi ile. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye kibao kidogo nyuma ya behewa, na dereva akipiga filimbi, azungushe mkono wa breki mpaka magurudumu yalie. Kutoka Dodoma njia inashuka, na baada ya Gulwe inashuka tena pamoja na mto, kona juu ya kona. Gurudumu la nyuma likipasuka pale, behewa la mawe linakwenda mtoni pamoja na aliye juu yake.

"Twende kwenye simu," Fundi Sefu akasema.

Karani wa simu, ile ya waya ya kugonga herufi, alikuwa kijana wa Pwani, msafi, kofia nyeupe, mtu aliyezoea kutuangalia sisi wa karakana kama makaa yanayotembea. Akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwa upole ambao sikuutarajia:

"Ndugu, nikipeleka maneno haya, Bwana atayasoma kabla hujafika nyumbani kwako. Hakuna simu isiyoandikwa. Unafahamu?"

"Peleka."

"Niseme gurudumu gani?"

Kila fundi wa kalibu alikuwa na alama yake kwenye kitovu. Yangu ilikuwa nukta tatu. "Sema lenye nukta tatu. Sema lisitembee hata hatua moja."

Akagonga. Tukangoja. Chombo kikanyamaza.

Akagonga tena. Kimya.

"Stesheni za kabla ya Gulwe?" Fundi Sefu akauliza.

"Garimoshi limeshazipita. Na Gulwe hawaitikii. Karani wa Gulwe ni rafiki yangu, hajawahi kukosa kuitikia."

Ndipo nilipokaa sakafuni. Vijana, nilikuwa mtu wa kuuliza kwa nini, lakini saa ile sikuuliza kitu. Nilikuwa natazama buibui mmoja ukutani, nikijipangia maneno ya kumwambia mama. Nilipanga yakaharibika, nikapanga tena. Fundi Sefu alisimama juu yangu akisoma dua kwa midomo tu.

Muda ulipita ambao siwezi kuupima. Kisha chombo kikaanza kugonga, ko-ko-ko, na karani akaandika. Uso wake ukawa wa ajabu.

"Wanasema garimoshi limefika na limesimama. Haliwezi kuondoka."

"Watu?"

"Wote wazima."

"Kwa nini haliwezi kuondoka?"

Akasoma tena karatasi yake kuhakikisha.

"Nyuki."

Nilikuja kuelewa baadaye. Nta yangu haikuwa safi, ilikuwa bado na asali ndani yake. Njia nzima ya kushuka, breki zilikuwa zimelibana gurudumu mpaka likawa halishikiki kwa moto, na nta ikayeyuka ikachuruzika kwenye mbavu. Ilikuwa kiangazi, maua yameisha, nyuki wa Gulwe wana njaa na wamezoea kuja kunywa maji pale injini inapojaziwa. Wakanusa. Kwanza walikuja wachache, halafu likaja kundi zima likaning'inia kwenye gurudumu la nyuma. Masinga akajaribu kuwafukuza kwa kofia yake. Hilo lilikuwa kosa lake yeye. Dereva akakimbia, askari wakatupa bunduki wakakimbia, karani wa simu akajifunika blanketi chini ya meza, ndiyo sababu hakuitikia. Alipotoa mkono nje ya blanketi kuitikia, karani wetu akamgongea habari ya nukta tatu.

Nyuki walifukuzwa kwa moshi alasiri. Masinga akaligonga gurudumu lenye nukta tatu kwa nyundo, na ubavu ukadondoka wenyewe, na kitovu kikafunguka kama kibuyu.

Mimi nilichapwa. Sitaki kuwapunguzia. Bwana Miwani alitaka hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, idadi yao ya kawaida. Fundi Sefu akamweleza kwamba mtu wa hamsa ishirini hawezi kuinama kwenye kalibu kwa wiki mbili, na mwezi huu kunatakiwa magurudumu, akamshusha mpaka kumi na tano kwa utulivu wa mtu anayepatana bei ya mbuzi. Sikuisahau aibu ya siku ile, wala sikuwasamehe. Lakini pia nawaambia jambo ambalo mke wangu hajalielewa mpaka leo: nililala kifudifudi siku tatu huku ananikanda kwa maji ya chumvi, na nilikuwa nacheka. Kila nilipovuta pumzi nilikumbuka kwamba kaka yangu naye anavuta. Ilikuwa kama mtu kanitua gunia la mawe kifuani.

Masinga alirudi na garimoshi la kesho yake. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja limezibika, sikio kama andazi.

"Mbukwa, kaka," nikamsalimu nikiwa nimelala.

Akatupa kipande cha ubavu wa gurudumu karibu na kichwa changu.

"Ungemwambia nini mama?"

"Sikupata maneno."

"Hukupata. Wewe mwenye maneno yote." Akakaa chini, akagusa shavu lake, akafinya uso. "Nyuki wana akili kukuzidi. Wao wameliona tundu."

"Nisamehe, kaka."

"Nimeshakusamehe. Damu ni moja, nitafanyaje? Lakini sikiliza. Sitapanda tena juu ya chuma chenye nukta tatu. Wakinilazimisha nitaacha kazi, nitarudi kuchunga."

Akaondoka. Msamaha nilikuwa nao, imani yake sikuwa nayo, na nikagundua kwamba hivyo ni vitu viwili mbalimbali.

Nilichukua kile kipande nikakitazama muda mrefu, maana sikuwa na kazi nyingine. Na hapo ugonjwa wangu wa zamani ukarudi. Ubavu haukuvunjikia kwenye tundu. Tundu lilikuwa hapa, na ufa ulikuwa pale, vidole vitatu mbali, tena ufa wenyewe ulikuwa na kutu ndani. Kutu haiingii kwa siku moja. Gurudumu lile lilikuwa limepasuka kabla halijatoka karakana. Hata kama nisingeziba chochote, lingevunjika.

Nilipoweza kusimama nilimwambia Fundi Sefu tuvunje magurudumu yote yaliyobaki, tuone ndani. Alifikiri nimepata homa. Lakini naye alikuwa ameshiba hofu. Tukamwomba Bwana Miwani, akakataa. Tukamwonyesha kutu, akavua miwani akaifuta, akatuashiria tuendelee. Tukavunja. Katika kila magurudumu matatu, moja lilikuwa na ufa uleule, mahali palepale, ubavu unapoungana na kitovu.

Nani amewahi kuwamba ngozi ya ng'ombe? Ukiiwamba ikiwa mbichi, ukaivuta sana kila upande na kuipigilia vigingi, ikikauka inasinyaa, na kwa kuwa haina nafasi inajichana kwenye vigingi. Mtu mzima anaiachia kidogo. Basi chuma nacho kinasinyaa kikipoa. Ukingo wetu, kwa ile pete ya baridi, ulipoa mapema ukawa mgumu. Kitovu kikaja kupoa baadaye, kikasinyaa, kikazivuta mbavu kuelekea ndani. Mbavu zilizonyooka hazina pa kuachia. Zikajichana. Zilizopinda zingenyooka unywele mmoja tu, na mambo yakaisha.

Ule haukuwa urembo. Kuna mtu huko Ulaya, babu wa mtu fulani, alivunja magurudumu mengi kabla ya kupinda mbavu zile, na sisi tulimfutia kazi yake yote kwa rula.

Tukachonga upya, mbavu kama upinde. Kisha mambo ya kupoza. Tulizoea kufungua kalibu chuma kikiwa bado chekundu, kwa haraka na kwa hamu, na upepo wa Dodoma mnaujua. Mama zenu wanaofinyanga hawatoi chungu motoni na kukiweka upeponi. Wanakiacha kife ndani ya majivu. Tukachimba shimo, tukalijaza majivu ya samadi ya zizini, tukazika magurudumu yakiwa ya moto, siku tatu bila kuyagusa. Bwana Miwani alizunguka shimo lile kama kuku anayetaka kutaga. Siku ya pili alitaka tufukue. Fundi Sefu akakaa juu ya kifuniko akavuta tumbaku.

Na matundu? Matundu nayo niliyapatia jibu, na hili nawapa bure. Siku moja niliweka sikio karibu na kalibu wakati wa kumimina, nikasikia inapiga mluzi ndani, kama sufuria ya mlenda inayochemka. Maji. Mchanga wetu ulikuwa na unyevu, unyevu ukawa mvuke, mvuke ukakosa pa kutokea. Nikatengeneza kalibu mbili za mchanga mmoja. Moja nikaikausha usiku mzima kwa kikapu cha chuma chenye makaa, nyingine nikaiacha. Na asubuhi ile, kwa makusudi, nilitoka nyumbani kwangu, na mke wangu akaja na uji mpaka kwenye mlango wa tanuri, wazee wakiguna. Kalibu iliyokaushwa ikatoa gurudumu safi. Ile nyingine ikatoa kitu kama sega.

Mzee mmoja wa mivukuto alilitazama lile safi, akamtazama mke wangu, akasema, "Basi huyu chuma kinampenda." Hakushindwa yule mzee. Hajawahi kushindwa mpaka anakufa.

Bwana Miwani aliandika yote kwenye daftari lake la michoro kana kwamba aliyaota mwenyewe. Sikujali. Mimi nilikuwa nangoja mtu mmoja tu.

Fundi Sefu alikuwa ameweka sheria baada ya habari ya nyuki: gurudumu jipya likienda njiani mara ya kwanza, aliyelisubu anapanda juu yake. Haikutoka kwa Bwana, ilitoka kwake. Basi siku magurudumu manne ya mbavu za upinde yalipofungwa chini ya behewa la mawe, yote yana nukta tatu, mimi na fundi tukapanda nyuma, karibu na breki. Breki ilihitaji mtu. Masinga alikuwepo uwanjani. Alikuwa ameyagonga magurudumu yale moja moja, akiwa ameinamisha sikio ambalo uvimbe wake ulikuwa umekwisha, na yote manne yalikuwa yamelia. Alipanda kibao chake.

Tulikwenda vizuri mpaka mteremko wa kwanza. Dereva akapiga filimbi, Masinga akazungusha mkono wa breki, magurudumu yakaanza kulia na harufu ya chuma cha moto ikapanda. Nikamtazama. Watu wa breki wana desturi ambayo hawaisemi: wakiwa na mashaka na behewa, wanasimama mguu mmoja ndani na mwingine nje, hewani, tayari kuruka. Masinga alikuwa ameutoa mguu wake wa kushoto nje, unaning'inia juu ya kokoto zinazokimbia. Mikono ilikuwa kwenye breki, lakini mwili wote ulikuwa upande wa kuruka.

Tukapita Kikombo hivyo. Tukapita Igandu hivyo. Sikuwa nikiyasikiliza magurudumu, nilikuwa naangalia mguu ule. Gulwe tukajaza maji, tukaondoka, na njia ikaanza kujipinda na mto. Kona ya kwanza behewa likaegemea, mawe yakasogea kwa kishindo, na magurudumu yakalia kwa sauti moja nyembamba, ndefu, isiyokatika. Kona ya pili. Ya tatu. Fundi Sefu alikuwa amefumba macho, sijui ni dua au usingizi.

Baada ya kona ya nne Masinga akainamisha kichwa, akasikiliza. Kisha akauvuta mguu wake ndani, akaupangusa vumbi kwa kiganja, akanisukuma begani.

"Sogea," akasema. "Nikae."